Cheti Kilisema Kaswende, Mifupa Ikasema Radiamu

Muhula uliopita nilikuwa field, nafundisha Fizikia kidato cha nne. Siku hiyo tulifika kwenye mada ya mionzi. Nimechora ubaoni alfa, beta na gama, nimeeleza kwamba alfa inazuiwa hata na karatasi, najiona mwalimu kweli kweli. Mara binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama mionzi haionekani wala haina harufu, mtu akifa kwa ajili yake utajuaje?"

Nikamjibu jibu la kila mwalimu aliyebanwa: "Swali zuri sana, tutalijadili kipindi kijacho."

Wanachuo wenzangu wa Elimu mnanielewa. Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Nilichokikuta si jibu la fizikia peke yake. Ni habari ya wasichana waliokufa, kampuni iliyoficha ripoti, na daktari wa maiti aliyekataa kuamini karatasi. Naiandika hapa kwa sababu inaeleza vizuri kuliko somo lolote nililowahi kusikia kazi ya mpatholojia wa uchunguzi wa vifo ni nini hasa. Na kwa sababu nyingine pia, nitaisema mwishoni.

Kazi iliyong'aa

Radiamu iligunduliwa mwaka 1898 na Marie Curie na mumewe Pierre. Ndani ya miaka michache dunia ikaipenda kupita kiasi. Watu waliiuza kama dawa, wakaitia kwenye maji ya kunywa, wakaamini inaongeza nguvu. Ukiichanganya na unga wa zinki salfaidi unapata rangi inayong'aa gizani yenyewe, bila umeme wala kiberiti.

Mwaka 1917, Marekani ikiwa imeingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, kiwanda kilianza kazi katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa United States Radium Corporation. Ilitengeneza rangi hiyo na kuipaka kwenye namba za saa na vifaa vya jeshi. Wapakaji walikuwa wasichana, wengi wao umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha nne na wa kwetu sisi hapa chuoni. Kwa malipo ya wakati ule ilikuwa kazi nzuri, inalipa kuliko viwanda vingi.

Namba za saa ni ndogo, brashi lazima iwe na ncha kama sindano. Kwa hiyo walifundishwa kuichongoa kwa midomo: lamba, chovya, paka. Kisha tena: lamba, chovya, paka. Kutwa nzima, siku baada ya siku. Walipouliza kama kuna madhara waliambiwa hakuna. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno wakienda dansi, ili wang'ae gizani.

Ila kwenye maabara ya kampuni hiyo hiyo, wanakemia walifanya kazi nyuma ya ngao za madini ya risasi na kushika radiamu kwa koleo. Hapo ndipo nilipokasirika mara ya kwanza. Aliyejua alijikinga, na asiyejua akaambiwa alambe.

Kifo cha Mollie

Amelia Maggia, waliyezoea kumwita Mollie, alianza na jino. Liling'olewa, kidonda hakikupona. Likang'olewa la pili, ikawa hivyo hivyo. Kisha taya lenyewe likaanza kuoza. Daktari wake wa meno, Joseph Knef, siku moja aligusa taya akiwa anamchunguza, likavunjikia mikononi mwake. Alilitoa kipande kwa kipande, bila kisu. Septemba 1922 Mollie alitokwa na damu nyingi shingoni akafariki. Alikuwa na miaka 24.

Cheti chake cha kifo kiliandikwa: kaswende.

Tulia kidogo hapo. Msichana wa miaka 24, hajaolewa, mwaka 1922, na karatasi ya serikali inasema amekufa kwa ugonjwa wa zinaa. Nani atasimama msibani kuuliza maswali? Aibu inafunga midomo kuliko polisi. Na kwa kampuni, cheti kile kilikuwa zawadi. Wenzake Mollie walipoanza kuugua, palikuwa na pa kuonyesha: si mnaona, huyu alikuwa na mambo yake.

Ripoti iliyogeuzwa

Kufikia 1924 wasichana kadhaa walikuwa wamekufa au wako hoi, na minong'ono ilikuwa inafukuza waajiriwa wapya. Rais wa kampuni, Arthur Roeder, akamwita mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Cecil Drinker, achunguze. Drinker na wenzake walikuta vumbi la radiamu limetapakaa kila mahali. Waliwaingiza wasichana kwenye chumba cha giza wakawaona waking'aa: nywele, nyuso, mikono, hata ngozi iliyofunikwa na nguo. Damu zao hazikuwa sawa. Drinker akaandika wazi kwamba radiamu ndiyo tatizo.

Roeder alifanya nini? Aliikalia ripoti. Idara ya Kazi ya jimbo alipelekewa toleo lililochujwa, lililoonyesha kwamba wasichana wote wana afya njema kabisa, huku jina la Harvard likiwa juu yake. Drinker alikuja kuujua ukweli mwaka 1925, baada ya Alice Hamilton, daktari mashuhuri wa magonjwa ya kazini aliyekuwa Harvard pia, kuandika barua kwa mkewe kumweleza jinsi kazi yao ilivyotumika. Kampuni ikamtishia mahakama asichapishe. Akachapisha.

Kampuni ikapata mtaalamu mwingine, Frederick Flinn wa Chuo Kikuu cha Columbia. Huyu aliwapima wasichana na kuwaambia wako salama. Baadaye ikabainika kwamba hakuwa daktari wa tiba; alikuwa na shahada ya uzamivu ya fiziolojia. Yaani mtu unavua koti upimwe na "daktari", kumbe aliyevaa koti jeupe analipwa na mwajiri wako.

Daktari anayeanzia mwisho

Hapa ndipo anaingia Harrison Martland. Alikuwa mpatholojia wa hospitali ya jiji la Newark, na mwaka 1925 akawa daktari wa kaunti ya Essex, mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo vyenye utata katika eneo lile. Baadaye alikuwa mkaguzi mkuu wa vifo wa kaunti hiyo.

Wengi wetu tukisikia uchunguzi wa maiti tunafikiria kisu na mochwari. Kisu ni sehemu ndogo tu. Mpatholojia wa vifo ana maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni sababu ya kifo: nini kiliuzima mwili? Damu kuvuja, moyo kusimama, sumu. La pili ni namna ya kifo: ilikuwaje sababu hiyo ikatokea? Hapo kuna mafungu ya kawaida: kifo cha asili, ajali, kujiua, kuuawa, au haijabainika. Cheti kinaweza kuandika "upungufu wa damu" na kisiwe na uongo, lakini kikawa hakijasema lolote. Damu ilipungua kwa nini? Mpatholojia mzuri ni kama mtoto wa miaka minne: kila ukimjibu anauliza tena kwa nini.

Juni 1925 alikufa mkemia mkuu wa kampuni, Edwin Leman. Siku chache baadaye akafa mpaka rangi mmoja, Sarah Maillefer. Martland alimpima Sarah akiwa bado hai, kisha akauchunguza mwili wake. Alisaidiwa na Sabin von Sochocky, mtu yule yule aliyebuni rangi ile na ambaye alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni.

Sasa turudi kwenye swali la binti wa dawati la nyuma: utajuaje?

Kumbuka elektroskopu, ile yenye majani mawili membamba ya dhahabu. Ukiichaji, majani yanasukumana na kuachana. Hewa ya kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo yanabaki yameachana muda mrefu. Mionzi ikipita, inavunja hewa kuwa ayoni, chaji inavuja, majani yanashuka. Kadiri yanavyoshuka haraka, ndivyo mionzi ilivyo mingi. Martland alitumia vyombo vya kanuni hiyo. Aliviweka karibu na mwili wa mgonjwa. Akawataka wagonjwa wapumue ndani ya chombo, kwa sababu radiamu ikioza hugeuka gesi ya radoni, na gesi hiyo hubebwa na damu hadi kwenye mapafu na kutoka kwa pumzi. Pumzi ya Sarah ilikuwa na mionzi.

Baada ya kifo alichukua vipande vya mifupa na viungo, akavichoma hadi majivu, akapima majivu. Akachukua pia filamu ya kupigia picha za meno, akaibana kwenye mfupa na kuiacha gizani. Filamu ile haikuguswa na mwanga wowote, lakini ilipooshwa ilikuwa na alama. Mfupa wenyewe umejipiga picha.

Kwa nini mifupa? Kikemia, radiamu ni ndugu wa kalisi. Zimo kwenye kundi moja la jedwali la elementi, kundi la pili. Mwili hauwezi kuzitofautisha vizuri, kwa hiyo unaichukua radiamu na kuijengea mfupa kama vile umepewa maziwa. Ikishakaa humo haitoki kirahisi, na nusu-maisha yake ni miaka 1,600 hivi. Ile alfa niliyoandika ubaoni kwamba inazuiwa na karatasi, ni kweli, ukiwa nje. Ikiwa ndani ya mfupa hakuna karatasi ya kuizuia. Inapiga uboho unaotengeneza damu, inapiga taya, mchana na usiku. Ndiyo maana kiasi kidogo sana kiliua. Mwenye kampuni aliyesema "mbona ni kidogo mno" alikuwa anasema kweli kuhusu kipimo na anadanganya kuhusu madhara.

Desemba 1925 Martland na wenzake, akiwemo Knef yule wa meno, walichapisha matokeo kwenye jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Kampuni ilimshambulia. Hakuyumba. Von Sochocky naye alipopimwa, pumzi yake ilikutwa na mionzi. Mwaka 1928 alikufa kwa rangi yake mwenyewe.

Kaburi linafunguliwa

Msichana mmoja, Grace Fryer, alikuwa ameamua kushtaki. Alihangaika miaka miwili kupata wakili. Kila mmoja aliogopa kampuni, au aliona sheria imeshamfunga mlango, maana muda wa kudai fidia ulikuwa miaka miwili tu. Radiamu inaua polepole kuliko miaka miwili. Mwaka 1927 wakili kijana Raymond Berry akakubali. Hoja yake ilikuwa kwamba muda uhesabiwe tangu mgonjwa alipojua kinachomuumiza, na kwamba sumu ingali mwilini, inaendelea kumpiga kila siku.

Grace aliungana na wenzake wanne: Edna Hussman, Katherine Schaub, Albina Larice na Quinta McDonald. Hawa wawili wa mwisho walikuwa dada zake Mollie.

Oktoba 1927 kaburi la Mollie likafunguliwa, miaka mitano baada ya mazishi. Madaktari walichukua sampuli za mifupa na tishu na kuzipima kwa njia zile zile, majivu na filamu. Kila kipande kilikuwa na mionzi. Dalili ya kaswende haikuonekana. Miaka mitano jina la msichana yule lilibeba uchafu usio wake, na mwishowe ni mifupa yake iliyomsafisha.

Kesi ilianza Januari 1928, ikaahirishwa Aprili hadi Septemba, kwa sababu baadhi ya mashahidi wa kampuni walikuwa wanakwenda Ulaya kwa mapumziko. Wanawake wanakufa, mashahidi wanapumzika. Magazeti yaliwaka moto. Juni 1928 kampuni ikakubali kumalizana nje ya mahakama: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kwa mwaka maadamu yuko hai, na gharama za matibabu. Kosa haikukiri. Grace alifariki mwaka 1933.

Anayeshika kisu analipwa na nani?

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani mpatholojia akifika basi ukweli umefika. Angalia mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kwenye kampuni nyingine ya saa, Radium Dial. Mwaka 1929 alikufa mpaka rangi Peg Looney. Kampuni ndiyo iliyosimamia uchunguzi wa mwili wake. Familia iliomba daktari wao awepo; alipofika, kazi ilikuwa imeshakwisha. Jibu: dondakoo. Mwaka 1978 wanasayansi waliufukua mwili wake, wakakuta radiamu kwa kiwango kikubwa mifupani.

Uchunguzi ulifanyika miili yote miwili, ya Sarah na ya Peg. Tofauti haikuwa kisu wala elimu. Martland alilipwa na umma, na hakuwa na bosi kiwandani. Tukitaka vifo vichunguzwe kwa haki, tusidai mpatholojia tu. Tudai mpatholojia ambaye mshukiwa hawezi kumwandikia hundi.

Kuna uzi mmoja zaidi. Mwaka huo huo wa 1928 Martland aliandika makala kuhusu mabondia waliopigwa sana kichwani hadi wakawa kama walevi. Miaka 74 baadaye, mwaka 2002, Mnigeria Bennet Omalu, mpatholojia kijana wa Pittsburgh, aliufungua ubongo wa mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani, Mike Webster, aliyekufa na miaka 50 akiwa amechanganyikiwa. Ubongo ulionekana wa kawaida kwa macho. Omalu angeweza kuandika "mshtuko wa moyo" akaenda nyumbani. Akauliza kwa nini, akautengenezea sampuli, akaona uharibifu wa mapigo ya miaka mingi. Alipochapisha mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi ya NFL walitaka makala ifutwe. Haikufutwa. Unaona? Kila wakati ni mchezo ule ule: onyesha ripoti yako, shambulia ya mwenzio, vuta muda.

Sababu nyingine

Niliahidi kusema. Baba mdogo wangu alifanya kazi ya kusaga mawe kwenye machimbo ya kokoto, miaka kumi na moja. Alikuwa anarudi nyumbani mweupe kama mwokaji mikate. Barakoa alizowahi kupewa ni mbili. Kikohozi kilipoanza alipewa dawa za TB, akameza miezi sita, akaanza tena. Cheti chake kinasema kifua kikuu. Mtaani walisema neno jingine, mnalijua, na mama mdogo akalibeba neno hilo sokoni na kanisani.

Siku ya msiba wenye machimbo walileta jeneza, magunia mawili ya mchele na bahasha. Tuliwashukuru. Daktari mmoja kijana hospitalini alikuwa ameshauri mwili uchunguzwe. Wazee wakakataa: marehemu asisumbuliwe. Nilikuwepo. Nilikuwa kidato cha sita, na mimi nilitikisa kichwa kuunga mkono.

Sisemi TB ilikuwa uongo. Vumbi la mawe huacha makovu kwenye mapafu, na mapafu yenye makovu hushikwa na TB kirahisi. Cheti kinaweza kuwa sahihi na bado kikawa kimeacha nusu ya habari, ile nusu inayomhusu mwajiri. Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, na mfuko wa WCF upo. Lakini mfuko hauwezi kulipia ugonjwa ambao hakuna aliyeuandika.

Wengi wetu tutakuwa walimu, wauguzi, mawakili, maafisa rasilimali watu. Tutaombwa ushauri misibani, maana "huyu amesoma". Siku hiyo tuulize mambo matatu kabla ya jeneza kufungwa. Marehemu alifanya kazi gani, na kuna wenzake wa kazi ile wanaoumwa hivyo hivyo? Cheti kimesema kwa nini, au kimesema tu moyo ulisimama? Na kama kuna uchunguzi, anayechunguza analipwa na nani? Kuheshimu marehemu hakupingani na kumpima. Dada zake Mollie walimpenda, na ndiyo maana walikubali kaburi lifunguliwe.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani nikamsimulia yule binti yote haya, tukachelewa hata mapumziko ya chai. Alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo Mwalimu, kama wasingelifungua kaburi?"

Safari hii nilimjibu hapo hapo. Nikamwambia cheti kingebaki vilevile.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama mdogo. Cheti anacho, kwenye sanduku la nguo, pamoja na kadi za kliniki, picha mbili za eksirei na hati za mshahara za miaka mitatu. Nimezipiga picha zote kwa simu. Nimemwomba asitupe hata karatasi moja, na nimeanza kuwatafuta wale waliosaga mawe pamoja naye.